Kumuaga Mwenyekiti: namna ya kumheshimu kiongozi wa wafanyakazi ambaye pia ni kiongozi wa chama

Katika miji ya Tanzania yenye kiwanda, bandari au stesheni ya reli, mtu wa namna hii hakosekani. Mchana kazini anaitwa Mwenyekiti, kwa sababu anaongoza tawi la chama cha wafanyakazi. Jioni mtaani anaitwa Mwenyekiti vilevile, kwa sababu anaongoza tawi la chama cha siasa. Akifika miaka 60 anakabidhiwa barua ya kustaafu, na wenzake wanaanza kuulizana: huyu tunamuagaje?

Nimekaa kwenye kamati tatu za kuwaaga viongozi wa aina hii, mbili Tanga na moja Morogoro. Ya kwanza tuliiharibu. Tulikodi ukumbi, tukaalika wakubwa, wakubwa wakahutubia hadi jua likazama, na mzee mwenyewe akasimama kuzungumza giza limeshaingia na watu wanatafuta usafiri. Kila aliyeshika kipaza sauti alimwita mchapakazi na mpenda watu, lakini hakuna aliyetaja hata jambo moja alilolifanya. Mkewe aliniambia baadaye kwamba usiku ule alikaa barazani kimya mpaka saa saba. Tangu hapo sianzii kwenye ukumbi. Naanzia kwenye mafaili.

Kwanza mjue anatoka wapi

Anayestaafu miaka hii akiwa na umri wa miaka 60 aliingia kazini mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo wafanyakazi walikuwa na chombo kimoja, JUWATA (Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania), na JUWATA ilikuwa jumuiya ya CCM. Chama cha siasa kilikuwa kimoja, kwa hiyo kusimama mbele ya wafanyakazi na kusimama mbele ya wanachama wa chama halikuwa jambo la kushangaza mtu. OTTU, shirika la wafanyakazi lililochukua nafasi ya JUWATA, likaanzishwa 1991, mfumo wa vyama vingi ukarudi 1992, vyama vya wafanyakazi vya kila sekta vikaanza kujitegemea, na baadaye vikakutana chini ya TUCTA, shirikisho lao. Mzee wenu alipita humo mote. Kofia zake mbili hazikutokana na tamaa. Alizivaa zikiwa kofia moja, nchi ikaja kuzitenganisha zikiwa tayari kichwani.

Na uhusiano huo ni wa zamani kuliko yeye. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma 1947, miaka saba kabla TANU haijazaliwa. Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, lililoundwa 1955, kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1962. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL ilivunjwa na serikali ikaunda NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, badala yake. Kamati ikiyafahamu haya itapata maswali mazuri ya kumuuliza mzee, na itaelewa kwa nini sherehe yake inahitaji uangalifu kuliko ya mstaafu mwingine.

Hatua ya 1: Muulize mwenyewe, miezi sita kabla

Msimwandalie jambo la kumshtukiza. Watume watu wawili anaowaheshimu waende nyumbani, si ofisini, wakae naye na mkewe (au mumewe, maana wenyeviti wanawake wapo wengi, na hawa mara nyingi huagwa kwa haraka zaidi). Waulize mambo matatu: anataka kuagwa au hataki? Nani asikose? Nini kisifanyike? Swali la tatu ndilo lenye faida kubwa. Mmoja wa wazee wetu alisema hataki kuvishwa taji la maua shingoni, kwa sababu alishaweka mataji mengi mno kwenye makaburi ya wenzake wa karakana. Tusingeuliza, tungemvisha.

Tarehe ichagueni mbali na kampeni za uchaguzi mkuu na mbali na uchaguzi wa ndani wa chama chake. Ndani ya miezi hiyo kila hotuba hugeuka kuomba kura. Epukeni pia kuibandika shughuli yake kwenye Mei Mosi. Siku hiyo ni ya wafanyakazi hodari wa mkoa mzima, na mzee atapata nafasi ya kupanda jukwaani, kupeana mkono na mgeni rasmi, na kushuka.

Hatua ya 2: Kamati ndogo

Watu saba wanatosha: watatu wa tawi la wafanyakazi, wawili wa chama cha siasa, mmoja wa familia, na kijana mmoja aliyeajiriwa karibuni. Kijana huyo ndiye atakayeuliza yale ambayo ninyi wengine mnadhani kila mtu anayajua. Mwekahazina asiwe mtu wa chama cha siasa. Sababu yake itaonekana mbele.

Hatua ya 3: Fungueni mafaili

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo kamati nyingi huruka.

Chukueni vitabu vya mihutasari ya tawi tangu alipochaguliwa mara ya kwanza. Tafuteni mikataba ya hali bora iliyosainiwa akiwa mezani, na muiweke kwa mpangilio wa miaka. Someni kipengele kwa kipengele kilichoongezeka: posho ya zamu ya usiku, usafiri, buti na glovu, mchango wa mazishi. Kila kipengele kilichoingia kina siku yake, na siku hiyo ina watu walioishuhudia. Tafuteni barua alizoandika kwa mwajiri na majibu yake. Tafuteni mashauri aliyosimamia mbele ya CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na nani alirudishwa kazini au alilipwa stahiki zake.

Kisha nendeni kwa watu. Nendeni kwa wastaafu waliomtangulia, kwa mama lishe wa getini, kwa mlinzi wa zamani. Nendeni pia kwa aliyewahi kushindana naye kwenye uchaguzi wa tawi akashindwa, na kwa ofisa utumishi wa zamani aliyekuwa akivutana naye. Kwa uzoefu wangu, sifa inayotoka kwa hasimu ndiyo inayomtoa mzee machozi.

Jambo moja muwe wakali nalo: msimpe asichokifanya. Niliwahi kusoma rasimu ya risala inayodai kwamba mwenyekiti "alituletea likizo ya uzazi". Likizo ya uzazi ya siku 84 ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hakuileta yeye. Alichokifanya ni hiki: kinamama wawili wa kitengo cha kufungasha waliambiwa warudi kazini kabla ya siku zao kwisha, akaingia ofisini na nakala ya sheria mkononi, na hakutoka mpaka barua zao zikafutwa. Maneno haya ya pili ni marefu zaidi, lakini ni kweli, na wale kinamama walikuwepo ukumbini. Walisimama wenyewe bila kuombwa.

Kila tukio mtakaloliandika liwe na karatasi au mashahidi wawili. Likikosa vyote, liacheni.

Hatua ya 4: Mafao yake kabla ya pilau yenu

Mtu huyu ametumia miaka akifuatilia michango ya wenzake, na ya kwake mwenyewe mara nyingi hakuikagua. Mteueni mjumbe mmoja aende naye kwenye mfuko wake wa hifadhi ya jamii, NSSF, au PSSSF kama ni mtumishi wa umma, kuangalia taarifa ya michango mwezi kwa mwezi. Miezi iliyokosekana inadaiwa vizuri akiwa bado kazini kuliko akiwa kijijini. Angalieni majina: cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, kitambulisho cha taifa kinasema vile, kadi ya mfuko ina herufi iliyoruka. Herufi moja inaweza kuchelewesha malipo.

Mwajiri ampe hati ya utumishi wake. Kama aliajiriwa mkoa mwingine akaletwa hapo, ulizeni mapema gharama za kumrudisha yeye na mizigo yake, kwa sababu sheria inamtambua. Ulizeni na bima ya afya: baada ya siku ya mwisho atatibiwa kwa utaratibu gani? Majibu yote yawe kwa maandishi, ndani ya faili moja, na faili hilo apewe kabla ya sherehe. Mimi kwa hakika nalihesabu kuwa zawadi ya kwanza.

Hatua ya 5: Mifuko miwili isiyokutana

Tawi la wafanyakazi lina wanachama wa vyama vyote vya siasa na wasio na chama. Ada yao inakatwa kwenye mshahara kwa fomu ya TUF 6 waliyoisaini kwa ajili ya kutetewa kazini. Senti yao isinunue fulana ya chama cha siasa, wala bendera, wala usafiri wa wajumbe wa kata. Kama fedha ya tawi itatumika, kikao cha kamati ya tawi kipitishe na muhtasari uandikwe. Michango mingine iwe ya hiari, ipokelewe kwenye namba moja ya simu ambayo watu wawili wanaona salio lake, na orodha ibandikwe ubaoni kila Ijumaa. Kwenye kundi la WhatsApp andikeni majina ya waliochanga bila kiasi. Msukuma toroli aliyetoa elfu mbili asijione mdogo mbele ya msimamizi aliyetoa elfu hamsini.

Chama cha siasa kichange kwa njia zake, kitunze hesabu zake, kilipie shughuli yake.

Mwajiri akitaka kutia mkono, akubaliwe kwa kitu kinachoonekana: eneo, mahema, gari la kuwachukua wazee. Zawadi ya mkononi kwa mwenyekiti isitoke kwake siku hiyo mbele ya wanachama. Si kwamba ni dhambi. Ni kwamba atakayekuja kusimulia atasimulia bahasha ile tu, na miaka yote ya kuvutana mezani itasahaulika.

Mfano wa hesabu kwa tawi la wanachama 120, kila mmoja akitoa shilingi 10,000, jumla 1,200,000: zawadi 550,000, chakula 400,000, mkipika wenyewe, mahema na viti 120,000, picha na albamu 80,000, akiba 50,000. Bei za kwenu mnazijua ninyi, lakini mkiona chakula kinaizidi zawadi, punguzeni waalikwa.

Hatua ya 6: Shughuli mbili, siku moja

Tumejaribu kuchanganya, haikufaa. Mtu wa upinzani aliyetetewa na mwenyekiti akarudishwa kazini alikuja kumshukuru, akakuta ukumbi umepambwa rangi za chama kimoja na salamu za chama zinaitikiwa kila baada ya dakika tano. Alikaa nyuma, akaondoka. Alikuwa ndiye shahidi bora tuliyekuwa naye.

Kwa hiyo gaweni siku. Asubuhi, tuseme saa 4, ni ya wafanyakazi, kazini au jirani na kazi, mahali zamu inayotoka na inayoingia zitaweza kufika. Fulana ni za chama cha wafanyakazi, nyimbo ni za mshikamano, salamu ni ya wafanyakazi. Viongozi wa siasa wanakaribishwa kama majirani wa mzee, hawahutubii. Kama ni ofisi ya umma hamna hata haja ya kubishana, kwani mtumishi wa umma haruhusiwi kufanya siasa mahali pa kazi wala saa za kazi. Alasiri, saa 10, ni ya chama cha siasa, kwenye ofisi ya tawi au nyumbani kwake mtaani. Hapo bendera zipepee, watu waitikie wanavyotaka. Ikiwa alasiri hiyo itakuwa mkutano wa hadhara, chama kiwape polisi taarifa angalau saa 48 kabla, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajue pia.

Mgeni rasmi wa asubuhi asiwe diwani wala mbunge. Mtafuteni mwanachama wa kwanza aliyeandikishwa na mzee huyu, au mtangulizi wake kama yu hai. Morogoro tulimleta fundi bomba mstaafu aliyemfundisha kazi akiwa kibarua. Alitembea kwa mkongojo hadi meza kuu, na watu walisimama kabla mshereheshaji hajasema kitu.

Wazungumzaji wawe watano, si zaidi, kila mmoja dakika nne. Mwambieni mshereheshaji itifaki itajwe mara moja mwanzoni, na kila anayefuata aseme "itifaki imezingatiwa" na aingie kwenye jambo. Mzee azungumze katikati, watu wakiwa hawajachoka, chakula kikiwa bado jikoni. Ratiba ichapwe, apewe nakala siku tatu kabla ili ajue zamu yake.

Hatua ya 7: Risala

Kurasa mbili zinatosha. Isomwe na mtu wa chini kabisa kwa cheo anayeweza kusoma vizuri. Anzeni na tukio, si na salamu ndefu. Hii ni sehemu ya risala ya Morogoro, nimeondoa majina:

"Ndugu Mwenyekiti, mwaka 2017 mwenzetu wa zamu ya usiku aliumia mkono kwenye mashine. Ulikuwa likizo. Ulifika hospitali kabla ya saa 12 asubuhi. Ulijaza naye fomu za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na karatasi zilipokwama ulizifuata mara nne kwa nauli yako. Leo mwenzetu huyo amekaa safu ya pili na watoto wake. Ndugu Mwenyekiti, mwaka 2020 tulikukasirikia. Tulitaka kugoma, ukatukataza, ukasema utaratibu haujakamilika na tutafukuzwa kihalali. Wengine tulikuita msaliti. Tunasema mbele ya mkeo na watoto wako kwamba ulikuwa sahihi, na tunaomba radhi."

Fungu lile la pili lilibishaniwa sana kwenye kamati. Baadhi waliona si vyema kukumbusha ugomvi siku ya furaha. Mimi nilishikilia liingie, na bado naamini hivyo. Kiongozi wa wafanyakazi hubeba matusi ya wenzake kwa miaka, na siku ya kuaga ndiyo nafasi ya pekee ya kuyaondoa mabegani mwake hadharani. Kama hamna la kumwomba radhi, basi msibuni.

Nakala moja ya risala isainiwe na kamati nzima, apewe. Nyingine ibaki kwenye faili la tawi.

Hatua ya 8: Zawadi

Muulizeni mkewe mnunue kinachotakiwa. Mabati ya nyumba isiyoisha, mbuzi wawili wa kuanzia, cherehani, tangi la maji. Cheti kwenye fremu ni kizuri kikifuatana na kitu cha kutumia. Kama fedha inaruhusu, chapisheni kanga za siku hiyo, na maneno yake yawe ya Kiswahili chenu. *Mcheza kwao hutunzwa* yanafaa, na kinamama wa tawi watazivaa miaka. Mkewe avishwe ya kwanza. Yeye ndiye aliyegongewa mlango usiku na watu waliosimamishwa kazi, akawapa chai wakati wanamsubiri mumewe arudi.

Picha za zamani zikusanywe mapema na zipigwe upya kwa simu, zile za asili zirudi kwa wenyewe siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Makabidhiano, wiki moja kabla

Msimwache aondoke na tawi mfukoni. Andikeni hati ya makabidhiano, nakala tatu, iorodheshe: mhuri, funguo za ofisi na kabati, vitabu vya mihutasari, daftari la wanachama, vitabu vya benki na majina ya watia saini yanayobadilishwa, na usimamizi wa kundi la WhatsApp. Vitu vya chama cha siasa vikabidhiwe kwingine, kwa hati nyingine.

Kinachosahaulika zaidi ni mashauri yaliyo wazi. Mzee anayajua kichwani: fulani ana shauri, fulani anasubiri barua. Kaeni naye mchana mmoja ayataje yote, na kila moja liandikwe tarehe. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake CMA, na migogoro mingine ina siku 60. Siku hizo hazisimami kwa sababu tawi lina sherehe. Atakayepokea kiti aende na mzee kwa kila mwenye shauri, amwambie kwa mdomo wake: kuanzia Jumatatu njoo kwangu.

Hatua ya 10: Mwezi mmoja baadaye

Wiki ya kwanza simu yake italia sana. Ya tatu itanyamaza. Hapo ndipo muende, watu wawili au watatu, na sukari na simu yenye nafasi ya kurekodi. Mwacheni asimulie kwa saa mbili: siku ya kwanza kazini, JUWATA ilikuwaje, siku orodha ya kwanza ya kupunguzwa wafanyakazi ilipobandikwa wakati mashirika ya umma yanabinafsishwa, nani alilia, nani alimkopesha nauli ya kwenda kwenye shauri lake la kwanza. Muulizeni pia kuhusu chama chake cha siasa, maana sasa hakuna wa kumkataza. Nakala moja ya sauti apewe mtoto wake mkubwa, moja ikae ofisi ya tawi, na moja ipelekwe makao makuu ya chama cha wafanyakazi.

Mkiondoka mwachieni namba ya mwenyekiti mpya, na mwambieni mkutano wa tawi unaofuata ni lini.